Jamaa Moja Katika Chombo Kidogo

Mwezi wa Juni, kusi linapokaza katika pwani ya Mombasa na Lamu, hewa hupoa, mawimbi hukua nje ya miamba, na vyombo vidogo vingi huvutwa juu ya mchanga vipate kutiwa kalafati na kupakwa mafuta. Wazee wa pwani huuita wakati huo kipupwe. Ukimwuliza baharia mzee kwa nini hasafiri, hatakujibu kwamba anaogopa. Atakujibu kwamba kila safari ina msimu wake, na kwamba aijuaye bahari hujua pia kungoja.

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, nilikisoma kitabu cha nahodha mmoja aliyesafiri baharini wakati wa baridi pamoja na mke wake na watoto wawili, katika chombo cha matanga walichokiunda kwa mikono yao wenyewe. Jina la nahodha huyo lilikuwa Joshua Slocum, na jina la chombo lilikuwa Liberdade. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimwona nahodha tu, na ujasiri wake ukanijaza furaha. Nilipokirudia baada ya miaka kadhaa, nikiwa mwalimu, niliona mambo mawili ambayo ujana wangu uliyapita bila kuyatazama. La kwanza ni kwamba ujasiri peke yake usingeliwafikisha kwao. La pili ni kwamba nahodha hakuwa peke yake. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii.

Joshua Slocum alizaliwa mwaka 1844 huko Nova Scotia, nchi ya Kanada, akaingia baharini tangu ujana wake, na baadaye akawa raia wa Marekani. Zama zake zilikuwa zama za merikebu kubwa za matanga, na ilikuwa desturi kwa manahodha wengine kuwachukua wake zao na watoto wao katika safari. Mke wake wa kwanza, Virginia, alimwoa mjini Sydney mwaka 1871, na watoto wao wakazaliwa humo safarini: mmoja katika bandari hii, mwingine katika bandari ile. Victor, kifungua mimba, alizaliwa mwaka 1872. Garfield, aliye mdogo wa wote, alizaliwa mwaka 1881, merikebu ya baba yake ilipokuwa imetia nanga Hong Kong. Kwa watoto hao merikebu ilikuwa nyumba, na sitaha ilikuwa uwanja wa kuchezea.

Mwaka 1884 Virginia akafariki dunia huko Buenos Aires, ndani ya merikebu yao iliyoitwa Aquidneck. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Februari 1886, Slocum akamwoa binamu yake Henrietta Elliott, ambaye watu walizoea kumwita Hettie. Bwana arusi alikuwa na umri wa miaka 42, na bibi arusi miaka 24. Kabla ya wiki mbili kutimia, Hettie akajikuta merikebuni pamoja na mume wake na watoto wawili asiowazaa yeye, Victor na Garfield, wakielekea Amerika ya Kusini. Watoto wengine wawili walibaki kwa jamaa zao.

Safari hiyo ilifuatwa na msiba juu ya msiba. Mwaka 1887 kipindupindu kilikuwa kimeenea katika nchi ya Argentina, na watawala wa Brazili, wakiihofia maradhi hayo, wakaifukuza merikebu na shehena yake ya majani makavu. Mwezi wa Julai mwaka uo huo baadhi ya mabaharia wakamwasi nahodha usiku. Slocum akawapiga risasi wawili, na mmoja akafa. Alishtakiwa mahakamani, na mahakama ikamwachilia kwa kuwa alijilinda. Mabaharia wapya walipopatikana, ndui ikaingia chomboni na wengine wakafa. Mwisho wake, karibu na kufunga mwaka 1887, Aquidneck ikiwa imejaa mbao, upepo na mkondo vikaisukuma juu ya fungu la mchanga katika ghuba ya Paranaguá, kusini mwa Brazili. Mawimbi yakaipiga siku tatu mpaka uti wake ukavunjika. Merikebu haikuwa na bima. Mali yote ya jamaa hiyo ikapotea pamoja nayo.

Hebu tuitazame hali yao. Walikuwa watu wanne pwani ya nchi ya kigeni, maili elfu kadhaa kutoka kwao, bila fedha za kutosha, na mmoja wao mtoto wa miaka sita. Wengi wangaliomba nauli kwa balozi na kurudi wakiwa abiria. Slocum aliamua vingine. Alitazama mabaki ya merikebu yake, akatazama msitu uliokuwa nyuma ya pwani, akaona kwamba katika hayo mawili mlikuwamo chombo.

Zana zao zilikuwa chache kupita kiasi. Walikuwa na shoka, tezo, misumeno miwili, keekee za kutobolea, na sindano kubwa mbili za kushonea matanga, ambazo walizigeuza kuwa vyuma vya kutobolea matundu ya misumari. Kitu walichokithamini kuliko vyote kilikuwa tupa moja, waliyoiokota ndani ya mfuko wa zamani wa tanga uliotupwa pwani na mawimbi. Zana za makali walizinoa kwa mawe ya kijito kilichokuwa karibu. Makaa yaliyopondwa na kuchanganywa na maji waliyatumia badala ya chaki. Walipohitaji vyuma vya kubania mbao, walikata matawi yaliyopinda ya mpera wakayatumia. Baadhi ya misumari na komeo zilitoka katika merikebu iliyovunjika, na zilipopungua vipande vya kuzuia vichwa vya misumari, walitoboa sarafu za shaba za Brazili wakazitumia hizo.

Chini ya chombo waliweka mbao za mti mgumu ambao huzama ukitupwa majini, kwa maana ni mzito kama chuma. Mbavuni wakaweka mwerezi, ambao ni mwepesi. Kwa hiyo uzito wote ukakaa chini, pale unapotakiwa. Kisha wakafunga mianzi minene ubavu huu na ubavu huu, ili chombo kikilala upande kwa nguvu ya upepo kisiweze kupinduka. Mtu wa pwani yetu hatashangaa kusikia hayo, kwa maana ngalawa husimama majini kwa hekima iyo hiyo, ijapokuwa miti yake hukaa mbali na mwili wa chombo. Umbo lake Slocum alilitunga kwa kukumbuka mashua za wavuvi wa Marekani na kwa kutazama picha ya chombo cha Kijapani. Matanga yake yalikuwa matatu, ya namna ya Kichina, yenye vijiti vilivyopita katikati ya nguo, hata mtu mmoja aweza kuyapandisha na kuyashusha.

Urefu wa chombo ulikuwa futi 35, upana wake futi 7 na nusu, na kina chake futi 3. Mwanafunzi akitaka kuona ukubwa huo kwa macho, na apime darasa lake. Chombo kilizidi kidogo urefu wa darasa la kawaida, lakini upana wake ulikuwa kama theluthi moja tu ya upana wa darasa. Humo ndimo watu wanne walimolala, walimopika, na walimoishi kwa miezi sita. Kibanda chao kilikuwa cha mianzi iliyofunikwa turubali. Fedha waliyotoa mfukoni kwa kukiunda haikufika dola 100. Kilichobaki kilikuwa kazi.

Na kazi hiyo iligawanywa. Baba alipima na kuchonga. Victor, kijana wa miaka 16, alikuwa seremala na msokota kamba. Garfield alitumwa huku na huku, akileta hiki na kupeleka kile. Hettie alikata na kushona matanga. Homa ya msituni iliwapata walipokuwa kazini, lakini hawakuacha. Katika kitabu chake nahodha ataja kazi ya mkewe kwa maneno machache tu: kwamba ndiye aliyeyashona matanga, na kwamba matanga yalikuwa mazuri. Kisha aendelea na habari nyingine. Nitaurudia ufupi huo hapo mbele.

Chombo kilishushwa majini tarehe 13 Mei 1888. Siku hiyo si siku ndogo katika historia ya dunia. Ndiyo siku ambayo binti mfalme Isabel alitia sahihi sheria ya kukomesha utumwa katika Brazili, nchi ya mwisho kufanya hivyo katika Amerika yote. Miongoni mwa watu waliowekwa huru na wazee wao walikuwamo waliotolewa pwani ya Msumbiji, ndugu wa damu wa watu wa Afrika Mashariki. Katika pwani yetu wenyewe hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa na sheria kwa miaka kadhaa zaidi: mpaka mwaka 1897 huko Unguja, na mpaka mwaka 1907 katika mwambao wa Kenya. Slocum akakiita chombo chake Liberdade, neno ambalo kwa Kireno maana yake ni Uhuru.

Sasa yatupasa kuuliza swali ambalo baharia wa Lamu angeliuliza kwanza: je, msimu ulikuwa msimu gani?

Kusini mwa dunia, mwezi wa Juni ni mwanzo wa majira ya baridi, kama tulivyo sisi katika kipupwe. Mtu asiyejua angelidhani kwamba ni afadhali kungoja joto lirudi, hasa anapokuwa na mtoto mdogo. Lakini katika pwani ya Brazili, kuanzia mwezi wa Oktoba mpaka Januari, wakati wa joto, upepo huvuma sana kutoka kaskazini mashariki na kuwapinga watu waendao kaskazini, na mkondo wa karibu na pwani huteremka kusini. Ifikapo miezi ya baridi mambo hubadilika. Upepo huvuma kutoka kusini mashariki na kumsaidia msafiri aendaye kaskazini. Upepo huo ni jamaa ya kusi letu. Zote mbili hutoka katika pepo zile zile kubwa zivumazo kusini mwa mstari wa ikweta, ambazo mabaharia wa zamani walizitegemea kwa biashara. Kwa hiyo baridi haikuwa adui yao. Baridi ndiyo iliyowaletea upepo wa kurudi nyumbani.

Walakini baridi ina hatari zake. Sehemu ya kusini ya pwani hiyo, kabla ya kufika rasi ya Cabo Frio, hupigwa na dhoruba za ghafula zitokazo kusini wakati huo, na Paranaguá iko katika sehemu hiyo. Slocum alijua hayo, lakini njia nyingine haikuwapo. Ilimlazimu kuipita sehemu ya hatari ili aufikie upepo mwema ulio mbele yake.

Kwanza alihitaji ruhusa. Chombo kisichokuwa na hati za taifa lolote hakiwezi kupewa kibali cha kwenda nchi za ng'ambo. Maofisa wa bandari wakampa leseni ya kuvua samaki, ndani na nje ya mlango wa ghuba. Leseni haikusema ni umbali gani nje ya mlango. Basi tarehe 24 Juni 1888 jamaa ya Slocum ikatoka kwenda kuvua samaki.

Nje ya mlango dhoruba iliwapokea. Upepo ukararua matanga, wakaingia bandari ya Santos kutafuta hifadhi. Huko wakakuta meli ya moshi iliyoitwa Finance, ambayo nahodha wake alikubali kuwavuta mpaka Rio de Janeiro. Hettie na Garfield walipandishwa melini. Slocum alishika usukani wa Liberdade, na Victor akakaa omoni, shoka mkononi, tayari kuikata kamba ya kuvutia endapo chombo kingeanza kuzama. Meli ilikwenda mbio kupita mwendo wowote ambao chombo kile kingeweza kwenda kwa matanga, na maji yakarushwa juu pande zote mbili. Mianzi na misumari ya shaba vikavumilia. Kijana wa miaka 16 alikaa hapo mbele saa nyingi, akitazama kamba, akingoja amri ambayo alitumaini haitatolewa. Nimewaza mara nyingi juu ya saa hizo, kwa kuwa wanafunzi wangu ni wa umri huo huo.

Rio ikawapa hati, na matanga yakatengenezwa upya, wakaondoka tena. Karibu na Cabo Frio nyangumi mkubwa alipita chini ya chombo na kukigonga, hata wote wakadhani mwisho wao umefika. Mnyama huyo akaenda zake, nao wakaenda zao. Kuanzia hapo upepo wa kusini mashariki ulikuwa wao. Wakapanda pwani bandari kwa bandari mpaka Bahia, kisha Pernambuco.

Chakula chao kilikuwa cha kawaida: biskuti kavu za baharini, nyama iliyokaushwa, samaki mkavu, kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, machungwa, ndizi, viazi vikuu kidogo na miwa. Maji ya kunywa yalikuwa galoni 120 katika mapipa. Hapakuwa na jokofu, wala redio, wala njia yoyote ya kumwita mtu awasaidie. Sanduku la dawa lilikuwa na pilipili, mdalasini na njugu za Brazili. Mtoto akiugua, ilikuwa juu ya Mungu na mama.

Kutoka Pernambuco wakaiacha pwani ya Brazili, wakaufuata mkondo mkubwa unaopinda kaskazini magharibi kuelekea visiwa vya Karibi. Katika bahari hiyo walikwenda maili 2,150 kwa siku 19 bila kutia nanga popote, wakafika kisiwa cha Barbados. Mwendo huo hata merikebu kubwa isingeuonea haya.

Hapo Barbados ndipo ninapoiona hekima ya nahodha kuliko mahali pengine pote. Chombo kilikuwa kizima, upepo ulikuwa mzuri, na nyumbani hapakuwa mbali tena. Mtu mwenye haraka angeliendelea. Lakini katika bahari ile, miezi ya Agosti na Septemba ni miezi ya tufani kubwa ziwezazo kung'oa nyumba na kuzamisha meli za chuma. Jamaa ikakaa kisiwani. Siku zikapita na wiki zikapita. Hawakung'oa nanga mpaka ulipoingia mwezi wa Oktoba, ndipo wakaenda Mayagüez katika kisiwa cha Puerto Rico, na kutoka huko wakakata visiwa vya Bahama. Wahenga wetu walisema, "Kawia ufike." Methali hiyo ni fupi, lakini ndiyo sheria ya kwanza ya ubaharia.

Tarehe 28 Oktoba 1888 waliiona nchi ya Marekani, karibu na Cape Romain katika jimbo la South Carolina. Kwa hesabu ya Slocum walikuwa wamesafiri zaidi ya maili 5,500 katika siku 53 za kuwa majini, yaani kiasi cha maili 100 kwa kila siku. Siku walizokaa bandarini hazimo katika hesabu hiyo.

Safari ilikuwa bado haijaisha, na sasa baridi iliyowakabili ilikuwa ya namna nyingine. Walikuwa wametoka majira ya baridi ya kusini, wakavuka joto la ikweta, wakaingia majira ya baridi ya kaskazini, ambako maji huganda na upepo huuma mikono. Bahari ya nje katika miezi hiyo ni kali mno kwa chombo kidogo. Basi wakaiacha, wakafuata njia za ndani: mito, ghuba, na maji yaliyo nyuma ya visiwa virefu vya mchanga, ambavyo huikinga pwani ya Carolina kama miamba yetu inavyoikinga pwani ya Kenya. Walikwenda polepole, wakilala wakati hali ya hewa ilipochafuka, wakiendelea ilipotulia. Tarehe 27 Desemba 1888 Liberdade ikafunga kamba katika mji wa Washington. Ulikuwa umepita kiasi cha mwaka mmoja tangu Aquidneck ilipopanda mchanga.

Watu wengi walikuja kukitazama chombo hicho na kustaajabu. Mwaka 1890 Slocum akakipiga chapa kitabu cha safari hiyo kwa fedha zake mwenyewe. Baadaye akajijengea chombo kingine, Spray, na kati ya Aprili 1895 na Juni 1898 akaizunguka dunia yote peke yake, mtu wa kwanza kufanya hivyo katika historia. Jambo hilo ndilo lililolieneza jina lake, na kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1900, kinasomwa mpaka leo. Mwisho wa maisha yake alitoka tena peke yake katika Spray, wala hakurudi. Victor naye akawa baharia, na kitabu alichokiandika juu ya maisha ya baba yake kilitoka mwaka 1950.

Na Hettie je? Hettie hakuandika kitabu. Baada ya Liberdade hakusafiri tena safari ndefu ya baharini pamoja na mume wake. Mume wake alipoondoka kuizunguka dunia, yeye alibaki nchi kavu. Wako waliomlaumu kwa hilo, au waliolitaja kwa kicheko, kana kwamba alikuwa mwanamke asiye na moyo.

Mimi siwezi kucheka. Huyu ni mtu aliyeingia merikebuni akiwa bibi arusi wa siku chache. Katika muda usiotimia miaka mitatu aliona karantini ya kipindupindu, uasi wa usiku na damu sitahani, ndui, kuvunjika kwa merikebu, homa ya msituni, dhoruba na nyangumi. Watoto aliowalinda hawakuwa wa tumbo lake. Matanga aliyoyashona ndiyo yaliyoshika upepo. Alipofika nchi kavu akasema kwa matendo yake kwamba safari hiyo imemtosha. Mtu aliyelipa deni lake lote hana wajibu wa kulipa mara ya pili.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Slocum pia. Bila ujuzi wake hapana hata mmoja wao ambaye angelifika. Yeye ndiye aliyeuchagua msimu wa upepo mwema, aliyekubali kungoja Barbados, na aliyeziacha bahari za nje baridi ya kaskazini ilipoanza. Hayo si mambo ya bahati. Ni elimu iliyokusanywa kwa miaka mingi, na elimu hiyo haikuwa na shule ila bahari yenyewe. Tena alikuwa mkweli: hakuficha kwamba mkewe alishona na wanawe walifanya kazi. Alilitaja jambo hilo kwa ufupi tu, kama watu wengi wanavyotaja mambo wanayoyaona kila siku.

Huo ufupi ndio unaopaswa kumshughulisha mwanafunzi wa historia. Vitabu vingi tunavyosoma viliandikwa na manahodha, au viliandikwa juu yao. Tunajua jina la mtu aliyeshika usukani. Aliyeshona tanga hutajwa kwa mstari mmoja, na aliyekumba maji chomboni hatajwi kabisa. Haifuati kwamba kitabu ni cha uongo. Inafuata kwamba kusoma si kuufuata wino tu, bali pia kuuliza ni nani aliyekuwapo wakati jambo lilipotendeka, na mikono yake ilikuwa ikifanya nini. Pwani yetu ina mifano mingi. Kulikuwa na mitepe, vyombo vilivyounganishwa kwa kamba za makumbi bila misumari, vyenye tanga la mkeka. Majina ya baadhi ya manahodha huenda yakakumbukwa na jamaa zao. Lakini kamba hizo zilisokotwa na nani? Mikeka ile ilisukwa katika nyumba gani, na kwa siku ngapi? Wazee wanaoweza kujibu maswali hayo wanapungua kila mwaka, na mwanafunzi aliye na daftari na subira aweza kuwauliza leo.

Mwaka jana nilikwenda na wanafunzi wangu ufukoni wakati wa kusi. Palikuwa na mashua chache juu ya mchanga, na pembeni, chini ya mkungu, mzee mmoja ameketi na tanga kubwa mapajani, sindano mkononi, akiziba mpasuko. Wanafunzi walipita moja kwa moja kwenda kuzitazama mashua. Nikawaita warudi. Tukaketi karibu na mzee huyo, tukamwamkia, na kwa muda wa saa nzima alitufundisha jinsi mshono wa tanga unavyopaswa kulala ili upepo usiupasue.